Ombi la vifaa lifungwe kwenye mradi au kwenye oda ya karakana? Stoo inagombaniwa

#1 Fundi Tela
Wakuu, habari za kazi.

Nipo kwenye karakana ya matela na matenki hapa Dar. Kila tela kwetu ni mradi: mteja wake, mchoro wake, namba yake. Ndani ya mradi tunafungua oda za karakana, yaani hati ya kazi kwa kila sehemu: chesi, sakafu, kuta za pembeni, mabomba ya hewa ya breki, rangi. Zamani ilikuwa madaftari na Excel, sasa tuko kwenye ERPNext, programu ya kuendesha stoo, manunuzi na hesabu.

Shida iko hapa. Pleti zinanunuliwa kwa ajili ya mradi A. Zinafika, zinapokelewa, GRN (hati ya kupokea mzigo) inapigwa. Wiki haijaisha, fomeni wa mradi C anakuja na ombi lake limesainiwa, stoo inampa pleti zile zile kwa sababu zipo na yeye ndiye aliyewahi dirishani. Zamu ya mradi A ikifika, hakuna kitu. Ukiangalia skrini, mradi A umeshanunuliwa kila kitu, kwa hiyo manunuzi hawashtuki.

Msimamo wangu: ombi lolote lifunguliwe kwa namba ya oda ya karakana, si kwa namba ya mradi peke yake. Bila namba ya oda, stoo isitoe hata nati. Meneja wetu wa miradi anasema nitaua kasi ya kazi. Nyie mnafanyaje? Naomba kuwasilisha.

#2 MamaStoo
Fundi Tela nakuunga mkono. Mimi natunza stoo. Fomeni akija na namba ya mradi tu, sina namna ya kujua anachukua za chesi au za sakafu, wala kama alishachukua jana kupitia kwa msaidizi wangu. Akija na namba ya oda, nafungua naona: ilitakiwa pleti nane, ameshapewa tano, zimebaki tatu. Akitaka nne hapo ndipo tunakaa tuongee. Hiyo ya nne ya nini? Moja imekatwa vibaya? Mchoro umebadilika? Kuna mtu kaazima? Jibu la swali hilo linaokoa kuliko pleti yenyewe.

#3 Bwana Mipango
Napinga, kwa heshima zote.

Siku mkataba unasainiwa, michoro bado. Oda ya karakana inatokana na BOM (orodha ya vifaa vya kazi), BOM inatokana na mchoro. Lakini ekseli, springi, kingpini (pini ya kuungia tela kwenye kichwa) na miguu ya kuegeshea tela zinatoka nje, zinakaa melini, zinakaa bandarini. Nikisubiri oda ya karakana ndipo nifungue ombi, chesi itakaa juu ya mapipa bila magurudumu na mteja anapiga simu kila asubuhi. Vitu vya kusubiri muda mrefu vinaombwa kwa mradi, siku ile ile ya mkataba. Anayesema "bila namba ya oda hakuna ombi" hajawahi kusubiri kontena.

#4 Nati na Bolti
Bwana Mipango unaongea kama meneja wetu kabisa. Bosi, ni wewe? Kama ni wewe, zile ekseli zimefika?

#5 Bwana Mipango
@Nati na Bolti ungekuwa kwangu usingekuwa mtandaoni saa hizi, ungekuwa unapiga grainda.

#6 Hesabu Kwanza
Naona mnabishana juu ya hati mbili tofauti kana kwamba ni moja. Kuomba si kutoa.

Ombi la kununua ni ahadi tu, halijabadilisha kitabu chochote. Gharama inaingia kwenye kazi siku kitu kinapotoka stoo. Kwa hiyo Bwana Mipango (#3) anaweza kuomba ekseli kwa namba ya mradi leo, na MamaStoo (#2) akakataa kuzitoa mwezi ujao mpaka apewe namba ya oda. Hakuna mgongano hapo.

Mgongano upo katikati, kuanzia mzigo unapopokelewa mpaka unapotolewa. Katika kipindi hicho pleti ni ya nani? Kwa macho ya mhasibu ni mali ya kampuni, iko kwenye stoo ya jumla. Kwa macho ya meneja wa mradi ni yake, kailipia kwenye bajeti yake. Msipoandika mahali kwamba imetengwa, wote wawili wana haki, na atakayeipata ni mwenye miguu mepesi.

#7 KijanaMifumo
Niongezee upande wa programu, maana #1 kataja ERPNext na ndiyo ninayoifanyia kazi.

Hesabu ya stoo mle ndani inakaa kwa bidhaa na kwa ghala. Haikai kwa mradi. Ile sehemu ya kujaza mradi kwenye ombi la vifaa, kwenye LPO (oda ya manunuzi kwa muuzaji) na kwenye oda ya karakana inasaidia ripoti na kugawa gharama, haifungi pleti isichukuliwe na mwingine. Watu wengi wanaijaza wakidhani wameshafunga kufuli.

Dawa ninayoitumia: ghala ni mti. Chini ya ghala kuu unafungua tawi la kila mradi mkubwa. Mzigo wa mradi A unapokelewa moja kwa moja kwenye tawi la A. Fomeni wa C akitaka kitu cha A, lazima ifunguliwe hati ya kuhamisha kutoka tawi A kwenda C, yenye jina la aliyeidhinisha. Hapo hata kama pleti ziko kwenye rafu moja, kwenye kitabu ziko mbali.

Pia ombi la vifaa lina aina zake. Kuna la kununua, la kuhamisha, la kutoa, na la kutengeneza. Hili la mwisho wengi hawaligusi, wakati ndilo linalozaa oda ya karakana kwa kipande mnachotengeneza wenyewe, kwa mfano braketi za springi. Ukiomba braketi kwa ombi la kununua, manunuzi wataenda kuitafuta dukani kitu ambacho kingekatwa hapo nyuma.

#8 Fundi Tela
@KijanaMifumo asante, hilo la mti wa maghala halikuwepo kwetu. Tuna ghala moja na ghala la kazi inayoendelea, basi.

Swali: kwa nini oda ya chesi ya A ikifungwa, programu inakata pleti nane wakati mimi nimeona kwa macho yangu zimetumika kumi?

#9 KijanaMifumo
Angalia mpangilio wa jinsi vifaa vinavyokatwa oda inapokamilika. Kuna njia mbili. Ya kwanza inakata kufuata BOM: BOM inasema nane, inakata nane, hata kama mafundi walikula kumi. Ya pili inakata kufuata kile kilichohamishwa kwenda kwenye kazi. Kwenu inaelekea iko ya kwanza.

Kama iko ya kwanza, zile mbili za ziada ziliondoka kwenye rafu bila kuondoka kwenye kitabu. Kwa hiyo fomeni wa mradi mwingine anaonekana mwizi kumbe kakuta rafu tupu iliyoandikwa ina pleti. Huenda nusu ya ugomvi wenu ni huu.

#10 Mchora Ramani
Nasoma tangu juu na hakuna aliyetaja ofisi yangu, na mambo mengi yanaanzia hapo.

Oda ya karakana ikifunguliwa inanakili BOM ya siku ile. Mimi nikibadilisha mchoro wiki inayofuata, nikatoa toleo jipya la BOM, ile oda iliyokwisha kutoka haibadiliki. Itaendelea kuomba vifaa vya mchoro wa zamani. Fomeni ana mchoro mpya mkononi na oda ya zamani kwenye kompyuta. Anafanyaje? Anafungua ombi la pembeni kwa namba ya mradi. Siyo ukaidi, hana njia nyingine. Mkimfungia hiyo njia bila kumpa nyingine, atakwenda kuchukua bila ombi lolote.

Utaratibu ninaoupigania: mchoro ukibadilika, anayeutoa awe na wajibu wa kuorodhesha oda zote zilizo wazi zinazoguswa, na kila moja iamuliwe. Inaendelea na mchoro wa zamani, inasimamishwa, au inafungwa na kufunguliwa nyingine. Hiyo orodha ndiyo watu hawataki kuiandika.

#11 MamaStoo
Mchora Ramani umenigusa. Nina ombi moja hapa lina maneno "kama lile la juzi ila refu kidogo". Sasa hapo nitoe nini?

#12 Mswahili wa Sohar
Assalaam alaykum. Nipo Oman, yadi ya vyombo vya mafuta na gesi. Kwetu tunatumia SAP, programu nyingine ya kazi hizi, na suala hili limefungwa kwa nguvu zaidi. Mali ya mradi ina alama yake, herufi Q, na imebandikwa kwenye kifungu cha mradi. Mtu wa mradi mwingine akifungua skrini haioni kama ni mali huru. Kuihamisha ni lazima ipite hati, na hati ina mwenyewe.

Lakini msidhani programu ndiyo inayotulinda. Kinacholinda ni namba iliyopigwa kwenye chuma. Pleti ya chombo cha shinikizo inakuja na namba ya tanuru, na namba hiyo inalingana na cheti cha kiwanda. Fundi akikata kipande, kabla grainda haijagusa, mkaguzi anakuja na nyundo na herufi za chuma, anahamisha namba kwenda kwenye kipande kitakachobaki, anagonga na muhuri wake, ndipo kinakatwa. Kipande kisicho na namba hakirudi stoo. Kinakwenda kwenye rundo la chakavu hata kikiwa kizuri namna gani. Nimeona vipande vikubwa vya chuma vikitupwa, roho inauma.

Kwa hiyo mtu akileta ombi la pleti, swali la kwanza si "ya mradi gani", ni "namba yake ipi".

#13 Nati na Bolti
Sohar mna hela za mafuta. Huku kipande kisicho na namba kinakuwa geti la shule.

#14 Mswahili wa Sohar
Na geti zuri, wallahi. Ila usikifanye tenki la gesi.

#15 Changamwe Chuma
Hamjambo. Mimi niko Mombasa, tunaunda miundo ya maghala na ngazi za viwandani. Tunatumia Odoo, nayo ni programu ya aina hiyo. Mle kuna njia ya kununua kwa kufuata oda: ukithibitisha oda ya kutengeneza, kila kifaa kilichowekewa njia hiyo kinazaa ombi lake la kununua lililofungwa na oda ile. Kila kitu kina baba yake. Kwa kazi ya miradi inapendeza sana, na nadhani Fundi Tela ndicho anachokitafuta.

Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, ukifuta ile oda, LPO iliyokwisha thibitishwa kwa muuzaji haijifuti yenyewe. Lazima mtu aifuate. Mteja akighairi mradi, chuma kinaendelea kuja. Pili, ukiweka njia hiyo kwa kila kitu mpaka bolti za M16, utaletewa LPO chungu nzima za bolti kumi kumi, na muuzaji atakucheka. Bolti, rangi, gesi na rodi za kuchomelea zinakwenda kwa kiwango cha chini: zikishuka hapo, agiza. Pleti na vyuma vya H vinafuata mradi.

#16 Bwana Mipango
@Changamwe Chuma hapo kwenye bolti tuko pamoja. Joseph Orlicky wa IBM alilieleza hili miaka ya 1970: kuna mahitaji yanayojitegemea na mahitaji yanayotokana na kitu kingine. Ekseli ngapi nitahitaji mwezi ujao sihitaji kukisia, nazihesabu kutoka kwenye matela niliyosaini. Diski za grainda ndizo za kukisia.

Ndiyo maana nakataa sheria moja kwa vitu vyote. "Bila namba ya oda hata nati isitoke" ina maana fundi ataacha kuchomelea akaenda kupanga foleni kwa ajili ya nati.

#17 Mchomeleaji
Nashukuru kuna aliyemkumbuka fundi. Mimi nipo zamu ya usiku. Stoo inafungwa saa kumi na moja jioni, ufunguo unaondoka na mwenyewe. Saa tano usiku rodi za kuchomelea za 7018 zimeisha kwenye oveni, na zile haziwezi kutolewa tu kwenye boksi lililokaa wazi kwa sababu zinavuta unyevu na mshono unapasuka. Basi naomba kwa zamu nyingine, naandika kwenye karatasi, asubuhi karatasi imepotea.

Mnajadili namba ya mradi na namba ya oda. Usiku hakuna wa kumpa namba yoyote.

#18 MamaStoo
@Mchomeleaji mdogo wangu, ufunguo unaondoka kwa sababu kinachopungua usiku nakatwa mimi kwenye mshahara. Wakinipa msaidizi wa usiku mwenye kompyuta nitaacha dirisha wazi hata alfajiri.

#19 Hesabu Kwanza
Mwenye mamlaka ya kuajiri msaidizi asome #17 na #18 mara mbili. Hapo kuna gharama ambayo haionekani kwenye ripoti ya mradi wowote.

Turudi kwenye hesabu. Natoa mfano wa kubuni, mtaona kwa nini suala la pleti ni ya nani si maneno matupu. Stoo ina pleti 20. Zilizotengwa kwa oda nyingine ni 9. Ziko njiani kwa LPO 6. Oda mpya inataka 14.

Ukihesabu kwa jumla: 20 jumlisha 6 toa 9 unapata 17. Oda mpya inachukua 14, zinabaki 3. Hakuna ombi la kununua linalofunguliwa, kila mtu analala.

Sasa tuseme zile 6 za njiani ziliagizwa na mradi mwingine ambao oda zake za karakana bado hazijafunguliwa kwa sababu michoro haijatoka, kama alivyosema Bwana Mipango #3. Kwa hiyo hazimo kwenye zile 9. Ukweli ni kwamba zilizo huru ni 11, na oda mpya imepungukiwa 3. Stoo ile ile, siku ile ile. Jibu moja linasema ziada tatu, lingine linasema pungufu tatu. Tofauti yote ni ombi lililofunguliwa kwa mradi bila kuwekewa madai kwenye stoo.

#20 Fundi Tela
Hesabu Kwanza, hii ya #19 naichapisha naibandika ukutani. Ndicho kinachotupata.

#21 Bwana Mipango
Nakubali hesabu, sikubali mkosaji awe ombi la mradi. Fungua oda ya karakana ya awali siku ya mkataba, yenye BOM ya makadirio. Ekseli tatu, springi, pleti kwa tani. Mchoro ukitoka unaifunga na kufungua ya kweli. Madai yanakuwepo tangu siku ya kwanza.

#22 Mchora Ramani
Oda za makadirio! Nimezikuta hizo sehemu niliyokuwa. Hakuna anayezifunga. Baada ya muda programu inadai chuma cha matela yaliyokwisha kuvuka mpaka wa Tunduma. Manunuzi wakishazoea kwamba madai mengi ni ya hewa, wanaanza kupuuza na yale ya kweli.

#23 Bwana Mipango
Basi mtu apewe kazi ya kuzifunga. Kila jambo humu linaishia "hakuna anayefanya".

#24 Mzee wa Gerezani
Vijana, nimeuza chuma muda mrefu. Niwaambie linavyoonekana kutoka upande wa muuzaji.

Mtu anakuja mbio saa nane mchana, anataka pleti ya milimita 5, futi zake anazijua, fedha mkononi. Sina ya 5, nina ya 6. Anasema "lete, itafaa". Haulizi mtu. Hiyo pleti inaingia kwenye kazi, kwenye ombi iliandikwa 5. Sasa mnashangaa kwa nini vitabu havilingani na rafu?

#25 Changamwe Chuma
Shikamoo mzee. "Lete, itafaa" ndiyo inayotuua. Pleti ya mita 1.5 kwa 6 ikiwa ya milimita 6 ina kama kilo 424. Ya milimita 5 ina kama 353. Ni kilo 70 kwa pleti moja, na umelipa kwa kilo.

#26 Fundi Tela
Kwenye tela hilo si suala la bei tu. Sakafu ya mita 12 kwa mita 2.5 ni mita za mraba 30. Ukiweka cheka pleti (pleti yenye vinundu vya kuzuia utelezi) ya milimita 4 badala ya 3 umeongeza zaidi ya kilo 230 kwenye uzito wa tela tupu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Kilo ulizoongeza kwenye sakafu mteja anazipunguza kwenye mzigo kila safari, mpaka tela life. Atakuja kugundua mizani ya kwanza.

Ndiyo maana kubadilisha kifaa lazima kuonekane kwenye oda, si kwenye kumbukumbu ya fomeni.

#27 Mchora Ramani
Na tenki la mafuta ndiyo zaidi, maana likitoka hapo linakwenda kupimwa ujazo na Wakala wa Vipimo, chumba kwa chumba. Ukigusa unene au umbo la vizuizi vya ndani bila kuniambia, mchoro wangu na tenki lako havifanani tena.

#28 KijanaMifumo
Kwenye programu kuna sehemu ya kuorodhesha vifaa mbadala. Unaruhusu 6 badala ya 5 kwa kazi fulani, unakataa kwa nyingine. Anayetoa stoo akichagua mbadala inaandikwa. Ni dakika chache tu kuipanga. Kinachochukua muda ni kikao cha kukubaliana kipi ni mbadala wa kipi.

#29 Nati na Bolti
Mzee wa Gerezani, una bolti za M20 za daraja la 8.8?

#30 Mzee wa Gerezani
Ninazo. Njoo na risiti yako ya oda.

#31 Kiziwanda
Naingilia kidogo kwa Kenya. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS (mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato) haikubaliki kwenye hesabu za kodi. Zile mbio za saa nane mchana alizosema mzee #24, ukinunua kwa mtu asiyetoa invoisi hiyo, mradi unabeba gharama ambayo KRA haiitambui. Kwetu hilo limesaidia kuliko kanuni zote za ofisi. Fomeni akijua hela ya mfukoni hairudishwi bila invoisi, anafungua ombi mapema.

#32 Hesabu Kwanza
@Kiziwanda huku nako ni risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) au hakuna. Lakini sijaona ikizuia mbio za mchana. Imezalisha tu watu wanaotafuta risiti jioni kwa mzigo walionunua asubuhi mahali pengine.

#33 Kiziwanda
Hiyo nayo ipo, sikatai.

#34 Mswahili wa Sohar
Nirudi kwa #22 na #23. Tatizo la oda zisizofungwa lipo hata kwetu. Linaloleta nafuu ni kwamba hati ya makabidhiano ya mradi haisainiwi mpaka oda zote chini yake zimefungwa, na kila pleti iliyobaki imeamuliwa: inarudi stoo ya jumla, inakwenda mradi mwingine kwa hati, au chakavu. Fedha ya mwisho ya mteja inasubiri saini hiyo. Meneja wa mradi anazifuata mwenyewe, hasukumwi.

#35 Bwana Mipango
Kwa mteja mmoja mwenye kisima cha mafuta, sawa. Kwangu mteja anachukua tela lake Ijumaa jioni, salio anatuma kwa simu. Nimwambie asubiri kwa sababu kuna kipande cha chaneli hakijaamuliwa?

#36 MamaStoo
Kipande cha chaneli kisichoamuliwa kinakaa kwangu, Bwana Mipango. Nyuma ya stoo kuna rundo la vipande ambavyo kitabu hakivijui. Vingine mita mbili, vingine mita tatu. Fomeni wenye urafiki wanakuja kuchagua. Wasio na urafiki wanafungua ombi la kununua chuma kizima cha mita 12 ili wakate mita moja. Mimi naona ndipo mradi A unapoibiwa na mradi C, kuliko hata yale ya #1.

Nimependekeza kila kipande kinachozidi mita moja kipewe namba, kipakwe rangi ya mradi kilikotoka na kiingizwe kwenye programu kama bidhaa yenye urefu wake. Nimeambiwa ni kazi nyingi.

#37 KijanaMifumo
Ni kazi nyingi kweli, ila mpaka wa mita moja unaifanya iwezekane. Weka kwa namba ya bechi, usifungue bidhaa mpya kwa kila kipande, utajaza orodha mpaka ishindwe kutafutika.

#38 Mchomeleaji
Na atakayepaka rangi ni nani? Maana najua mtaniambia mimi.

#39 Fundi Tela
Wakuu, mrejesho. Tumekaa kikao leo asubuhi, nilikwenda na #19 imechapishwa.

Tulichokubaliana: mradi mkubwa unapata tawi lake la ghala kama alivyosema KijanaMifumo. Vitu vya kutoka nje vinaombwa kwa mradi na vinapokelewa kwenye tawi hilo. Pleti na vyuma vinatolewa kwa namba ya oda ya karakana tu. Diski, rodi, gesi na nati nimeshindwa, vinatoka kwa karani wa zamu na kugawanywa mwisho wa mwezi. Kukata vifaa kutafuata kilichohamishwa, si BOM.

Ambacho hatukukubaliana: meneja anataka haki ya kuhamisha pleti kutoka tawi moja kwenda lingine bila kumuuliza meneja wa mradi unaonyang'anywa, akisema tela linalotoka wiki hii lina haki kuliko linalotoka mwezi ujao. Mimi nimekataa, tumeachana hapo.

#40 Hesabu Kwanza
Hapo meneja wako ana hoja. Kama tela la wiki hii likitoka linaleta hela ya kununua pleti za mwezi ujao, kulizuia ni hasara kwa wote wawili. Aruhusiwe, ila hati ya kuhamisha izae hapo hapo ombi la kununua la kurudishia, kwa jina la mradi ulionyang'anywa.

#41 MamaStoo
Hesabu Kwanza, na hilo ombi la kurudishia likikaa bila kuidhinishwa? Ninayo ya namna hiyo kwenye foleni tangu kabla ya Ramadhani.

#42 Mchora Ramani
@Fundi Tela kwenye kikao mliongelea oda zilizo wazi mchoro ukibadilika? Sijaona kwenye #39.

#43 Fundi Tela
Hapana mkuu. Imepangwa Alhamisi. Nitakwenda na #10.